Lango la Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 7 Septemba

Mvua ilianza saa nane na dakika kumi mchana, kama jana na juzi. Paa la chumba cha nyuma linavuja tena, pale pale juu ya meza ya Delmira. Nikampelekea ndoo na kumwahidi kwamba fundi atakuja wiki hii. Akajibu bila kuinua macho kwenye makaratasi yake: "Usihangaike, don Eliseo. Huenda Desemba nisiwepo."

Maneno hayo nimekaa nayo mchana kutwa. Nayaandika ili niyatoe kichwani.

Delmira Yampara, mpangaji wangu, ana miaka ishirini na sita. Alikuja Heredia mwezi Julai kutoka Potosí, akiwa na sanduku moja na mfuko wa kwinoa aliofungiwa na mama yake. Wanawake arobaini wa kijiji chao wana chama cha kuuza nafaka hiyo, na walipiga kura nani aende ugenini kusomea biashara. Wakamchagua yeye. Shule ya kilimani ikampa nafasi na ufadhili. Lakini shule hiyo haina mihadhara. Kila siku wanafunzi hupewa kisa kipya: kampuni fulani, meneja fulani, tatizo fulani, halafu darasa zima hubishana meneja afanye nini. Nusu ya alama ni za kusema darasani. Wako sabini, na mwisho wa muhula wanne wa mwisho hurudishwa kwao.

Tangu Julai Delmira amesema jina lake tu.

"Kwetu," aliniambia, "mkutanoni mdogo anangoja aulizwe. Akiulizwa, anafikiri kwanza. Hapa nikimaliza kufikiri, Fabricio ameshasema mara tatu."

Fabricio Lemus ni Mguatemala wa kikundi chake cha kusomea. Nimemwona mara moja. Alinisalimu, akaniuliza habari, akajijibu mwenyewe.

Jumatano, 9 Septemba

Mvua. Fundi hakuja.

Jumamosi, 12 Septemba

Leo tumeanza. Nilimwambia kwamba kwa miaka ishirini na tano nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji hapa Heredia, na kama kuna kitu nakijua ni kumvizia mtu kwenye maandishi yake. Mimi nitakuwa profesa. Nitamwita wakati wowote, bila onyo, kama wanavyoitwa kule, naye atafungua kisa: nani yuko taabuni, taabu yenyewe ni ipi, afanye nini.

Nikangoja mpaka anamimina maji ya moto kwenye kitambaa cha kuchujia kahawa. "Yampara! Fungua kisa!"

Maji yakamwagika mezani. Akasimama wima kama askari, akafungua mdomo, akaufunga.

Doña Marielos, jirani yetu, akachungulia juu ya ukuta huku vibanio vya nguo vikiwa mdomoni. "Don Eliseo, unamfokea mtoto wa watu asubuhi yote hii, amekuibia?"

"Namfundisha kusema."

"Kusema? Mlete kwangu. Kwa siku mbili utaniomba nimfundishe kunyamaza."

Delmira akacheka. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aje. Ana kicheko kifupi, kama mtu aliyekohoa kwa bahati mbaya.

Alhamisi, 24 Septemba

Kisa cha leo: kampuni ya maziwa ya Uruguay. Nilimwita akiwa anatandika kitanda, akasema kwa dakika nzima. Darasani alinyamaza.

Jumanne, 29 Septemba

Kumbe anaanza kusoma kisa kutoka ukurasa wa kwanza kama kila mtu. Nikamwonyesha nilivyokuwa nikisoma kazini. Huwa naanza nyuma, kwenye viambatisho, kwenye orodha na tarehe na sahihi, kwa sababu mwandishi hupamba kurasa za mbele na akifika nyuma amechoka kupamba. "Wenzako watabishana juu ya hotuba ya meneja," nikamwambia. "Wewe uliza kwa nini hesabu ya ghala haina sahihi yake."

Akaandika maneno hayo kwenye kiganja cha mkono.

Ijumaa, 2 Oktoba

Amesema! Aliinua mkono mwenyewe, akauliza juu ya tarehe moja katika kiambatisho cha tatu, na Profesa Robledo akaandika jambo ubaoni. Kurudi alipita kwa doña Marielos kwanza, nilisikia kelele ukutani. Jioni tulikula pupusa, mikate ya mahindi yenye jibini ndani. Kwa bibi yangu, San Miguel nilikozaliwa, pupusa ilikuwa chakula cha siku ya furaha. Zangu hupasuka pembeni. Miaka thelathini na sita niko nchi hii na bado sijazipata sawasawa.

Jumanne, 13 Oktoba

Alama za katikati ya muhula zimebandikwa. Delmira ni wa sitini na nane.

Alizikunja karatasi zake taratibu mno. "Mama ameniuliza kwenye simu kama nimeshaanza kufundishwa mambo ya usafirishaji. Wanawake wanataka kujua. Nimemwambia bado kidogo."

Ndoo ilikuwa imejaa. Nikaimwaga.

Ijumaa, 16 Oktoba

Fundi alikuja, akaangalia paa, akasema atarudi mvua ikikatika. Akanywa kahawa vikombe viwili.

Alhamisi, 5 Novemba

Amesema mara tano ndani ya wiki tatu. Fabricio amemwambia: "Wewe uliamka lini?" Kwa hesabu zake mwenyewe amefika wa sitini na saba. Wa sitini na saba hurudishwa, wa sitini na sita hubaki. Kimebaki kisa kimoja kikubwa, cha tarehe mosi Desemba, kinachobeba alama mara mbili. Kati yake na kubaki shuleni amesimama mtu mmoja tu.

Jumanne, 17 Novemba

Naandika polepole.

Leo wamegawiwa kisa cha mwisho. Delmira alikiacha mezani, akaenda kukutana na kikundi chake, nami nikakivuta nianze na viambatisho, kama desturi. Kiambatisho cha kwanza kilikuwa orodha ya mitambo. Kiwanda cha magunia ya katani, nchi haikutajwa, mitambo arobaini na miwili ya kufuma. Nikasema moyoni: si kweli, ni arobaini na mmoja, wa kumi na tisa tuliuvunja kwa ajili ya vipuri. Ndipo nikasikia nilichokisema. *Tuliuvunja.*

Nikarudi ukurasa wa kwanza. Wamebadili majina yote. Kiwanda wamekiita La Ceiba na meneja wamemwita Ernesto Paz. Lakini kengele yenye ufa imo. Mfumaji aliyesagwa vidole na mtambo wa kumi na saba yumo. Funguo za lango zilizofungwa kwa kamba nyekundu ya katani zimo, na kamba ile niliisokota mwenyewe.

Wafumaji wanataka kasi ya mitambo ipunguzwe, wamegoma siku tatu, Jumatatu wanataka kurudi kazini wakiwa na madai yao. Mwenye kiwanda anapiga simu kutoka mji mkuu: lango lisifunguliwe, nimeshaomba askari. Kisa kinaishia hapa: "Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Paz alizitazama funguo juu ya meza." Halafu swali la wanafunzi: Ungekuwa Paz, ungefanya nini?

Nina miaka sabini na minne. Nilikaa na karatasi zile mpaka kahawa ikaganda utando.

Jumatano, 18 Novemba

Nimemwambia. Naandika jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nimefanya makosa mawili kwa kinywa kimoja.

Nilifikiri nampa zawadi. Kati ya watu sabini, nani mwingine angeingia darasani akijua harufu ya banda la kukaushia, akijua kwamba mwenye kiwanda alikuwa na deni kwa kanali wa wale askari, akijua yaliyotokea baada ya ule ukurasa wa mwisho? Angeinua mkono mara moja, wote wanyamaze. Kwa hiyo asubuhi, alipokuwa akipaka siagi mkate, nikasema: "Ernesto Paz ni mimi."

Akacheka kile kicheko chake. Halafu akaniona usoni.

"Don Eliseo, usiniambie zaidi."

Sikumsikia. Nilikuwa nimeshaanza, na mtu aliyesimulia jambo lile lile miaka thelathini na sita hana breki. Nikamweleza simu, mitambo, kanali. Nikamwambia kwamba saa kumi na mbili lango lilifunguliwa, askari wakaingia nyuma ya wafumaji, ikabidi nikimbie nchi.

"Nani alifungua?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

Akaweka kisu chini. Akanieleza, kwa sauti ambayo mtu humwelezea mtoto aliyevunja kitu, kwamba wiki ya kwanza kila mwanafunzi hutia sahihi ahadi. Kisa hujadiliwa kwa yaliyomo ndani yake tu. Ni marufuku kutafuta nini kilitokea kweli. Anayejua mwisho wake lazima amwambie profesa, kisha akae kimya kipindi chote.

"Kimya?"

"Kimya, don Eliseo."

"Kisa cha mwisho?"

"Ndicho hicho."

"Basi usimwambie mtu. Nani atajua?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Kumbe naye amejifunza kuvizia. "Wanawake arobaini walinipigia kura," akasema. "Hawakumpigia mtu wa hivyo."

Akavaa koti la mvua, akapanda kilimani.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili naliandika hapa kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: sikulifungua lango. Wala sikulifunga. Niliziacha funguo juu ya meza, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapanda basi la saa kumi na mbili kasoro kumi kwenda mpakani. Kila niliyekutana naye hapa nilimwambia nilifungua. Nilimwambia mke wangu Otilia tulipochumbiana, naye aliwasimulia ndugu zake kwa fahari. Alikufa miaka mitano iliyopita akiamini hivyo.

Alhamisi, 19 Novemba

Amemwambia profesa. Kwangu hasemi, ila habari za asubuhi na asante.

Jumamosi, 21 Novemba

Mvua kubwa kuliko zote za mwaka huu. Simu ililia saa tano.

"Don Eliseo Menjívar? Naitwa Inés Robledo. Namfundisha Delmira."

"Kama kuna kosa, profesa, ni langu. Yule msichana aliniambia ninyamaze."

"Hajakosa. Nina miaka kumi na minne katika kazi hii, na huyu ni wa pili kuja kuniambia mwenyewe. Nimepiga simu kwa jambo lingine. Mwisho wa kipindi huwa tunamkaribisha mhusika wa kisa, akipatikana. Huyu wa magunia tulidhani amekufa."

"Hata mimi nilidhani hivyo," nikasema.

Hakucheka. Akaomba nije tarehe mosi, robo saa tu, niwaambie nilifanya nini. Nikauliza kama itamsaidia Delmira. Akasema ukweli: alama hutolewa kwa majadiliano, na mgeni huja baada ya majadiliano kwisha. Nikamwambia miguu yangu haipandi kilima. Akasema atatuma gari. Nikasema nitafikiri.

Jumatatu, 23 Novemba

Nimefikiri. Siendi.

Jumanne, 24 Novemba

Doña Marielos ameleta maji ya moto ya sukari guru na maneno yake. "Mmenuniana nini humu ndani? Nyumba imekuwa kama ya msiba. Hata kufokeana siku hizi hakuna, nimekosa cha kusikiliza."

"Nimemharibia, doña Marielos."

"Basi mtengenezee."

"Haitengenezeki."

"Hata paa ulisema hivyo hivyo," akasema, akaondoka na kikombe chake.

Alhamisi, 26 Novemba

Delmira ameanza kufunga vitabu vyake kwenye sanduku. Anasema ni ili visilowe.

Ijumaa, 27 Novemba

Nilimpigia profesa. Nitakwenda. Nimeandaa maneno: nilizichukua funguo, nikatembea hadi langoni, nikafungua. Nimeyasema miaka mingi kiasi kwamba naliona lango lenyewe, naona mkono wangu. Hofu yangu ni moja tu. Kiambatisho cha sita ni nakala ya kitabu cha lango, na walioandika kisa wamesahau kuukata mstari wa siku ile. Nimekisoma mara kumi. Natumaini vijana hawafiki kiambatisho cha sita.

Jumanne, 1 Desemba

Nimerudi saa tisa. Hainyeshi. Naandika yote.

Ukumbi wao umejengwa kama nusu duara, viti vinapanda ngazi, na mbele ya kila mmoja kuna kibao cha jina. Walinikalisha nyuma, gizani, bila kunitambulisha. Kwa saa nzima nikasikiliza vijana sabini wakinijadili. Fabricio alisema Paz afunge lango, kwa sababu meneja ni mkono wa mwenye mali, na mkono hauna maoni. Msichana mmoja wa Panama akamwambia: "Wewe usiye na maoni, mbona hunyamazi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine alisema Paz ni mwoga, angekuwa amepunguza kasi ya mitambo mwezi mmoja kabla. Alisema kweli. Lilikuwa jambo la dakika tano, kugeuza gurudumu moja, na sikuligeuza.

Delmira alikaa safu ya tatu, mikono juu ya meza, kimya. Kila mkono ulipoinuka nilihesabu alama zinazompita.

Wakapiga kura: thelathini na nane kufungua, thelathini na moja kufunga. Yeye hakupiga.

Halafu Profesa Robledo akasema: "Ernesto Paz yumo humu ndani," nami nikashuka zile ngazi nikishika vyuma. Walisimama wote. Nikasema maneno yangu niliyoyaandaa. Simu, funguo, kamba nyekundu, lango. Nilipofika kwenye "nikafungua" walipiga makofi, na wale wa kura thelathini na nane wakawatazama wenzao.

"Kuna swali kwa mgeni?" profesa akauliza. "Sasa yeyote anaweza kusema."

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Delmira.

Alisimama. Mkono mmoja ulishika ukingo wa meza. Hakuharakisha. Alifikiri kwanza, na safari hii ukumbi mzima ulimngoja, hata Fabricio.

"Don Eliseo, kiambatisho cha sita ni kitabu cha lango. Siku ile imeandikwa: saa kumi na mbili kamili, lango limefunguliwa. Ameweka sahihi aliyefungua. Kwenye kiwanda chenu kila anayefungua alitia sahihi, ziko sahihi za mwezi mzima, na zako ni E.P., kwa sababu wamekubadilisha jina. Lakini siku ile herufi ni T.A." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "T.A. ni nani?"

Hilo swali nimelikimbia tangu nikiwa na miaka thelathini na minane. Nilimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua, basi, kama nilivyomfundisha.

"Waliobadilisha majina walisahau la kwake," nikasema. "Ni Tránsito Alvarenga. Msimamizi wa zamu ya asubuhi. Alizikuta funguo juu ya meza yangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye basi."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Alipatwa na nini?"

"Walimchukua Alhamisi. Hakuonekana tena. Niliambiwa kwa barua, nikiwa hapa, miezi minne baadaye."

Delmira akasema, "Asante, don Eliseo," akaketi. Profesa hakuniuliza zaidi. Alinishika mkono hadi mlangoni, na gari likanirudisha.

Jumatano, 2 Desemba

Doña Marielos ameshasikia, sijui kwa nani. "Umempa chumba, umempa kahawa, naye anakusimamisha mbele ya watu!"

"Ndicho nilichomfundisha."

Akashusha sauti, jambo geni kwake. "Otilia alijua?"

"Hapana."

Akaanua nguo zake moja moja, akaingia ndani.

Delmira anatoka alfajiri, anarudi giza likiingia. Hatujakutana jikoni.

Alhamisi, 3 Desemba

Jua. Upepo wa Desemba umeanza kutoka milimani. Ndoo imekauka. Sanduku lake lipo karibu na mlango.

Ijumaa, 4 Desemba

Orodha ilikuwa ibandikwe saa nne. Saa nne na nusu nilikuwa nimefagia ua mara mbili. Saa tano nilisikia lango letu dogo likilia.

Aliingia jikoni, akaweka mkoba chini. Uso wake haukuonyesha kitu. Nilikuwa namimina maji ya moto kwenye kitambaa cha kahawa na sikuthubutu kuuliza.

"Menjívar!" akasema kwa sauti kubwa. "Fungua kisa!"

Maji yakamwagika mezani, kwenye sahani, kila mahali. Alivuta kiti, akaketi, akakunja mikono kama profesa.

Nikafungua. Nani yuko taabuni: Tránsito Alvarenga, miaka arobaini na mmoja, mrefu, kiziwi wa sikio la kushoto kwa kelele za mitambo, aliyeimba vibaya na kujua kwamba anaimba vibaya. Taabu yenyewe: alikuta meza bila mtu, funguo zenye kamba nyekundu, na watu mia mbili nje. Niliendelea mpaka mwisho, bila lango langu la uongo, bila mkono wangu juu yake. Nilichukua muda mrefu. Hakunikatiza.

"Alikuwa na watoto?"

"Mabinti wawili. Mdogo aliitwa Zoila. Walikaa nyuma ya soko la mitumba, San Miguel."

"Wako hai?"

"Sijawahi kuuliza."

Akachana karatasi kwenye daftari lake, akaisukuma mbele yangu pamoja na kalamu. "Anza na anwani. Hata kama ni ya zamani."

Nikaandika jina la Zoila Alvarenga. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma, anatazama dari.

"Profesa amelihesabu swali langu, akaandika neno moja kando ya jina langu," akasema. "Viambatisho. Mimi ni wa sitini na sita."

Nikaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo lile tundu, don Eliseo," akasema, akilinyooshea kidole, "lizibwe kabla ya Mei. Mvua za mwakani sitaki ndoo."